Betri moja, vifaa vitano vipya: kukadiria umeme utakaotumika botini usiku kucha

Swali: Nina boti ya mita 8 yenye injini ya kufunga nyuma na betri moja ya volti 12, ya risasi na asidi, iliyoandikwa 100 Ah. Mpaka sasa betri hiyo inawasha injini, taa za safari, redio ya mawasiliano ya VHF na pampu ya kutoa maji ya ngamani. Kwa kuwa siku hizi tunalala tumetia nanga, nataka kuongeza friji ndogo, skrini ya GPS yenye kipima kina, taa za LED za ndani, redio ya muziki na mahali pa kuchajia simu. Muuzaji ameniambia kwamba vifaa vya kisasa havili umeme. Je, betri itafika asubuhi ikiwa na nguvu ya kuwasha injini, na hesabu hiyo naipigaje mwenyewe?

Jibu: Kwa mpangilio ulioueleza, betri hiyo moja haitoshi, na vinavyoifanya isitoshe ni vifaa viwili tu kati ya hivyo vitano: friji, na skrini ya GPS ikiwa mtaiacha inafanya kazi mpaka kunapopambazuka. Muuzaji wako hakukudanganya kabisa, kwa sababu taa za LED na vifaa vingi vya kielektroniki vya leo kweli hutumia umeme kidogo. Alichokiacha ni kukuuliza kila kifaa kitakuwa kimewashwa kwa saa ngapi. Muda huo ndio unaoamua karibu kila kitu katika hesabu hii, na kwa hiyo nitaanzia hapo.

Kiasi cha umeme kinachotoka katika betri hupimwa kwa ampea-saa, yaani zile Ah zilizoandikwa ubavuni, nazo hupatikana kwa kuzidisha mkondo wa kifaa, ambao ni ampea zake, kwa saa ambazo kifaa kinafanya kazi. Kifaa kikiwa kimeandikwa wati badala ya ampea, gawanya wati hizo kwa 12: taa ya wati 12 inakula ampea 1. Sasa tazama jinsi muda unavyogeuza mambo. Mashine ya umeme ya kuvutia nanga inayokula ampea 80, ambayo wenye boti wengi huiogopa, ikifanya kazi kwa dakika 2 inatoa ampea-saa 2.7 tu, ilhali skrini inayokula ampea 1.5, ambayo hakuna anayeiogopa, ikikaa wazi kwa saa 12 inatoa ampea-saa 18. Stata, yaani mota ya kuwashia injini, nayo huvuta ampea 150 au zaidi, lakini kwa sekunde 3 hivi, na hiyo haifiki hata robo ya ampea-saa moja.

Tuchukue usiku mmoja, tangu mnapotia nanga saa 12 jioni mpaka saa 12 asubuhi, na tukadirie kila kifaa kwa namba za kawaida za vifaa vya aina hiyo. Friji ndogo yenye kompresa ya volti 12 hula takriban ampea 4.5 kompresa inapozunguka, lakini haizunguki muda wote. Katika hali ya hewa ya joto ni busara kuhesabu kwamba itazunguka nusu ya muda, na hivyo wastani wake ni ampea 2.25, ambazo kwa saa 12 ni ampea-saa 27. Skrini yenye kipima kina ikiachwa wazi ili kuwaonya endapo nanga itaburuta, tumekwisha kuona kwamba ni 18. Redio ya muziki ya ampea 2 kwa saa 3 ni 6. Taa nne za ndani za wati 3 kila moja, zikiwaka pamoja kwa saa 4, ni 4. Simu mbili zikichajiwa kutoka karibu na sifuri mpaka kujaa, pamoja na umeme unaopotea katika chaja zenyewe, ni kama 3.5. Usisahau vile ulivyokuwa navyo tangu awali: redio ya VHF ikiwa inasikiliza tu hula takriban ampea 0.4, ambazo kwa usiku mzima ni 4.8, na mkizungumza kwa jumla ya dakika 6 kwa nguvu kubwa ya kurushia ongeza 0.5, taa ya nanga ya LED ya ampea 0.2 ni 2.4, na pampu ya ngamani, ikiwa boti haivuji na pampu hiyo inafanya kazi kwa dakika chache tu, ni 0.3. Jumla ni ampea-saa 66.5.

Namba hizo ni makadirio, na makadirio ya umeme botini karibu kila mara huwa chini ya hali halisi, kwa sababu mtu huhesabu vifaa anavyovikumbuka na saa anazotumaini kuvitumia. Kwa hiyo huongezwa sehemu ya tahadhari, na mimi huongeza asilimia 20, jambo linalotufikisha kwenye ampea-saa 80. Iwapo taa yako ya nanga bado ni ya balbu ya zamani ya wati 10, ibadilishe kabla ya kununua kitu kingine chochote, maana peke yake inakula ampea-saa 10 kwa usiku mmoja.

Friji inastahili kutazamwa zaidi kwa sababu ndiyo inayoyumbisha hesabu nzima. Ile nusu ya muda niliyoitumia yaweza kuwa theluthi palipo na ubaridi, au theluthi mbili na zaidi ikiwa friji imewekwa mahali pasipopitisha hewa, kifuniko chake hakifungi vizuri, au imejazwa vinywaji vya moto jioni ile ile. Tofauti kati ya hali hizo mbili ni ampea-saa 18 kwa usiku mmoja, na hiyo ni sawa na skrini yako ya GPS nzima. Njia rahisi ya kuipunguza ni kuhakikisha kwamba vitu vinaingia vikiwa tayari vimepozwa nchi kavu, kuiacha friji ifanye kazi kwa bidii wakati injini inazunguka na umeme unatoka kwenye alteneta, yaani mtambo wa injini unaozalisha umeme, na kuiachia kompresa nafasi ya kutoa joto lake nje. Hakuna betri ya ziada inayokupa faida kubwa kama hiyo bila gharama.

Baada ya kujua kinachotoka, tujiulize betri ina nini hasa. Namba 100 iliyoandikwa kwenye betri yako kwa kawaida inamaanisha kwamba ikiwa mpya, imejaa, na ina joto la wastani, inaweza kutoa ampea 5 kwa saa 20 mpaka ifike volti 10.5. Neno la kuzingatia hapo ni hizo volti 10.5, kwa sababu betri iliyofika huko imekwisha kabisa, na betri ya risasi na asidi inayofikishwa huko mara kwa mara haidumu. Kanuni inayofuatwa na mafundi wengi ni kutumia nusu tu ya kilichoandikwa, yaani ampea-saa 50 katika betri yako ikiwa mpya. Ikiwa imetumika miaka kadhaa na imebakiwa na asilimia 80 ya uwezo wake, nusu hiyo ni 40, na katika baridi ya karibu nyuzi 0 hupungua tena kwa karibu robo ya hapo. Ukilinganisha 80 unazohitaji na 40 au 50 ulizonazo, jibu la swali lako la kwanza linaonekana bila shaka yoyote.

Tena kuna namba nyingine kwenye betri zinazowachanganya wanunuzi. Ampea za kuwashia injini katika baridi, ambazo huandikwa kwa namba kubwa kama 600 au 800, zinaeleza nguvu ya msukumo wa sekunde chache, wala hazisemi lolote kuhusu betri itadumu saa ngapi. Baadhi ya betri huandikwa dakika za akiba badala ya ampea-saa. Dakika hizo hupimwa kwa mkondo wa ampea 25, na hivyo betri ya dakika 120 imetoa ampea-saa 50 kwa kasi hiyo, ingawa kwa mkondo mdogo ingetoa zaidi.

Hilo la mwisho linahitaji maneno machache, kwa kuwa mara nyingi hutajwa pasipohitajika. Jumla ya umeme ambao betri ya risasi na asidi hutoa hupungua kadiri unavyoinyonya haraka, na kanuni ya jambo hilo iliwekwa na Mjerumani Wilhelm Peukert mwaka 1897. Betri ya 100 Ah ya kawaida ikivutwa ampea 25 kwa mfululizo inaweza kuishia kutoa kama ampea-saa 72 tu. Lakini ampea-saa 66.5 zikigawanywa kwa saa 12 zinakupa wastani wa ampea 5.5, ambao unakaribiana sana na ule ampea 5 uliotumika kuipima betri kiwandani, na kwa hiyo katika usiku wako kanuni hiyo haibadilishi kitu. Itakuwa na maana siku utakapofunga inveta, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani. Birika la wati 1000 kupitia inveta huvuta takriban ampea 95 kutoka kwenye betri ya volti 12, na hata kama ni kwa dakika 5 tu, betri moja ya ukubwa wako itashuka volti kiasi cha inveta kupiga kelele na kujizima. Inveta yenyewe pia hula umeme ikiwa imewashwa bila kazi, na nyingine hula hadi ampea moja kwa saa zote hizo, jambo ambalo kwa usiku mmoja linalingana na taa zako zote za ndani mara tatu.

Kuhusu injini kuwaka asubuhi, hapa pana jambo ambalo hesabu ya ampea-saa peke yake hailioneshi. Stata haihitaji ampea-saa nyingi, bali inahitaji betri ambayo volti zake hazianguki inapovutwa kwa nguvu. Betri iliyobakiwa na ampea-saa 20 au 30 bado inaweza kuwasha taa na redio vizuri kabisa, na kumfanya nahodha aamini kwamba mambo ni salama, kisha stata ikibonyezwa ikatoa mlio mmoja tu wa kukwama. Katika injini za kisasa zinazoendeshwa kwa kompyuta, stata inaweza hata kuzunguka na injini isiwake, kwa sababu volti zimeshuka chini ya kiwango ambacho kompyuta hiyo inahitaji. Ndiyo maana nasema bila kusita kwamba hata kama ungeweza kubana matumizi yakaingia ndani ya ampea-saa 50, boti ambayo watu wanalala ndani yake haipaswi kutegemea betri moja kwa friji na kwa stata.

Sasa tuje kwenye kupima, kwa maana kila namba niliyoandika hapo juu inapaswa kubadilishwa na namba ya boti yako. Kwa vifaa vidogo, zima kila kitu, fungua waya wa hasi wa betri, na uiweke multimita, yaani kifaa cha kupimia umeme, katikati ya waya huo na betri kwa kutumia tundu lake la ampea 10, kisha washa kifaa kimoja kimoja na uandike. Mita ikiwa imeungwa hivyo usijaribu kuwasha injini wala mashine ya nanga, la sivyo fyuzi ya mita itakatika papo hapo. Mita ya kubana waya ni rahisi zaidi kutumia na haikulazimu kufungua chochote, ila hakikisha kwamba inapima mkondo wa betri, kwa kuwa nyingi za bei ya chini hupima umeme wa nyumbani pekee. Kwa friji kipimo cha dakika moja hakifai. Hapo kinachofaa ni kifaa cha kufuatilia betri chenye shanti, yaani kipande cha kupimia mkondo unaopita, kwenye waya wa hasi, ambacho huhesabu kila ampea-saa inayotoka na inayoingia, na ambacho mimi ningekifunga kabla ya friji yenyewe.

Kama hutaki kununua kifaa hicho kwa sasa, tumia volti, lakini kwa uangalifu. Betri ya risasi na asidi iliyojaa na kupumzika kwa saa kadhaa bila kuchajiwa wala kutumiwa huonesha takriban volti 12.7; ikibaki nusu huonesha kama 12.2, na ikifika 12.0 imebakiwa na robo hivi. Kipimo kinachosomwa wakati kompresa inazunguka hakina maana hiyo, kwa kuwa volti hushuka kwa muda na kupanda tena kompresa ikisimama, na vilevile kinachosomwa mara tu baada ya kuzima injini huwa juu kuliko ukweli. Jaribio zuri ni kulala usiku mmoja boti ikiwa imefungwa gatini, pasipo kuunganisha chaja, mkitumia vifaa vyote kama mtakavyovitumia baharini, kisha asubuhi kuzima kila kitu, kusubiri, na kupima. Ukikuta chini ya 12.2, umepata jibu mahali ambapo injini kukataa kuwaka hakumtishi mtu.

Upande wa pili wa hesabu ni kinachorudi, na hapa ndipo mipango mingi huharibika. Alteneta ya injini yako inaweza kuwa imeandikwa ampea 35, lakini hizo ni za injini inapokwenda kasi. Ikienda polepole hutoa sehemu ndogo tu ya hizo, na injini yenyewe huchukua fungu lake kwa ajili ya mitambo yake ya mafuta na cheche. Tuseme betri inapata ampea 15. Kurudisha ampea-saa 50 katika betri ya risasi na asidi kunahitaji kuingiza karibu 60, kwa sababu sehemu hupotea njiani, na hizo ni saa 4 za injini. Zaidi ya hapo, betri ikishapita asilimia 80 huanza kupokea polepole, na hiyo asilimia 20 ya mwisho huchukua saa kadhaa hata kama chaja ina nguvu kiasi gani. Mtu anayewasha injini kwa saa moja kila asubuhi anarudisha robo ya alichotumia, na siku ya tatu anashangaa kwamba betri mpya imeharibika. Kuongeza betri ya pili bila kuongeza chanzo cha kuchaji huahirisha tu siku hiyo.

Paneli ya sola ya wati 100 iliyolazwa juu ya paa la boti, penye jua zuri na pasipo kivuli, huingiza kama ampea-saa 25 hadi 30 kwa siku. Friji yako kwa saa 24 inakula 54, kwa hiyo paneli mbili za namna hiyo zinakaribia kuilisha friji peke yake.

Yapo pia matumizi ya siri wakati boti imeegeshwa. Redio ya muziki inayohifadhi saa na vituo vyake ikivuta ampea 0.03 tu, kwa siku 30 inatoa ampea-saa 21.6, na betri yenyewe hupoteza asilimia chache kila mwezi hata ikiwa haijaungwa na chochote. Betri ya risasi na asidi inayoachwa wiki nyingi ikiwa haijajaa hufanya gamba la salfeti kwenye bamba zake na kupoteza uwezo usiorudi. Redio hiyo iunge mahali ambapo swichi kuu inaikata.

Kwa boti yako ningefanya hivi. Skrini ningeizima baada ya kuhakikisha kwamba nanga imeshika, na kazi ya kuonya usiku ningeiachia simu. Ikitumika saa 2 tu inakula ampea-saa 3 badala ya 18, na jumla ya usiku inashuka mpaka 51.5, ambayo pamoja na asilimia 20 ya tahadhari ni karibu 62. Betri ya matumizi ya risasi na asidi inayoweza kutoa hizo bila kupita nusu ni ya takriban 125 Ah, nayo iwe ya aina iliyoundwa kutoa umeme polepole kwa muda mrefu, tofauti na betri ya kuwashia injini. Ukichagua lithiamu, ambayo inaweza kutumiwa hadi asilimia 80 bila madhara, 80 Ah zinatosha, ila lithiamu hupokea umeme kwa pupa kiasi cha kuweza kuichemsha alteneta ndogo, na kwa hiyo huhitaji chaja ya kati inayopunguza mkondo, na haiungwi sambamba na betri ya risasi hata kidogo. Betri uliyonayo ibaki ya injini peke yake. Kati ya mbili hizo za risasi weka relei, yaani swichi inayojiendesha yenyewe, inayoziunganisha injini inapochaji na kuzitenganisha volti zinaposhuka, ili mtu asilazimike kukumbuka kugeuza swichi.

Waya wa friji usiuchague kwa kuangalia fyuzi tu. Friji ikiwa mita 5 kutoka kwenye betri, umeme unasafiri mita 10 kwenda na kurudi, na katika waya wa milimita mraba 1.5 ampea 5 hupoteza zaidi ya nusu volti njiani, jambo linaloifanya friji ijizime kwa kudhani betri imekwisha. Waya wa milimita mraba 4 hupunguza upotevu huo hadi karibu volti 0.2. Kila waya mpya uwe na fyuzi yake karibu na betri, kwa kiwango kinachoulinda waya wenyewe. Pampu ya ngamani pamoja na swichi yake ya kuelea ihamishie kwenye betri ya matumizi, iungwe moja kwa moja kupitia fyuzi yake bila kupita kwenye swichi kuu, ili mnapozima kila kitu na kuondoka, iendelee kufanya kazi.